Shemeji Yangu wa Ng'ambo ya Mpaka

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote: siku niliyokubali kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, huku Makere karibu na mpaka wa Burundi, niseme shemeji yangu ni mkimbizi. Ilikuwa miaka ya sabini. Ningekataa, hakuna ambaye angenipiga. Nilikubali, mwanangu, na moyo wangu haujatulia tangu hapo.

Barnaba alivuka kutoka Burundi, akamwoa dada yangu Yustina. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila mkalimani. Jioni alikunywa pombe ya ndizi na baba katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Na kwetu, anayekunywa hivyo na mwenye nyumba ni wa nyumba hiyo. Kisha ikaja amri: waliovuka wote wahamishiwe makazi ya wakimbizi, mbali. Mwenyekiti akanitaka mimi, niliyetoka sekondari, niwaeleze watu na kuwataja waliovuka walio kijijini kwetu.

Asubuhi baba aliniuliza nitasema nini.

"Haki ni moja kwa wote, baba. Tukimficha wetu, wengine tutawaambia nini?"

"Hao wote unawajua?"

"Si lazima niwajue."

"Ndiyo maana ni rahisi kuwapenda," akasema, akiendelea kunoa jembe. "Huyu unamjua. Mpaka kukoroma kwake unakujua."

Nilicheka, nikaenda.

Mkutanoni nilisema vizuri mno. Nilitaja dunia, mataifa, usawa wa binadamu. Barnaba alikuwa akiitikia kwa kichwa, hadi nilipotaja jina lake.

"Shemeji," akasema taratibu, "ungekuwa wewe umekimbilia kwetu, ningekutaja?"

Lori lilipokuja, Yustina naye alipanda, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemlazimisha.

Sisemi sheria ni mbaya, wala kwamba ndugu apendelewe. Hilo nabishana nalo mpaka leo; nikiegemea upande huu, ule unaniita. Lakini hoja ya dunia nzima, mwanangu, kabla hujaitamka mkutanoni, mpelekee kwanza yule itakayemuumiza, umweleze akikutazama. Ukishindwa, bado haijaiva. Na woga usiupe jina la haki. Mimi nilimwogopa mwenyekiti, tena nilitamani ukarani katika ofisi yake. Hayo ndiyo yaliyonisimamisha, mengine niliyatafuta baadaye.

Mungu akupe moyo mpana, na ulimi usio na haraka kama wangu.

Dada Yustina hakurudi, wala hakuniletea salamu. Baba alikufa akimwita yeye, nami nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda.