Friji Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Kuna mchana mmoja, mwanangu, unaonirudia kila ninapojinyoosha kwenye mkeka baada ya adhuhuri. Joto la Garsen likishanilegeza macho, naiona stoo ya kikundi chetu, kimya, inanukia rangi mbichi, na mimi nimo ndani, mwenyekiti kijana, nimekaa juu ya gunia nikitazama vitu vya serikali.

Ilikuwa miaka ile baada ya mafuriko makubwa, mashamba yetu ya kando ya mto yalipoanza tena kutoa mahindi. Serikali ilitoa fedha kwa vikundi vya akina mama, na sisi tukaletewa sola: kioo kikubwa cha kunasa jua, betri iliyokuja na maji yake tayari, na friji ndogo nyeupe ya maziwa. Kikundi kilikuwa cha Wapokomo na Waorma pamoja. Sisi Wapokomo tulilima, wenzetu Waorma walileta maziwa, na kwa jua la huku maziwa hayakawii kuchacha.

Fundi alitaka kuvifunga siku ileile. Nikamkataza. Nilisema vitu vya serikali havifunguliwi mpaka mheshimiwa mbunge aje akate utepe, tusije tukaonekana hatuna adabu. Kusema kweli nilikuwa napenda makuu, nisikufiche. Leso za sare tulishanunua. Kila mchana niliingia stooni nikaota: viti vimepangwa, akina mama wanaimba, mimi nimeshika kipaza sauti. Kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mawingu ya dirishani yalipita juu yake polepole, polepole. Niliyapenda mawingu yale mpaka nikasahau kioo kililetwa kwa kazi gani.

Mheshimiwa akaahirisha. Barabara ilikuwa imekatika. Kisha akawa na kikao Nairobi. Kisha mwezi wa mfungo ukaingia. Miezi ikapita hivyo, nami naota.

Katika kikundi alikuwamo Mama Asha, Muorma, rika la mama yangu mzazi. Alitembea tangu alfajiri na vibuyu vyake vilivyofukizwa moshi. Alikuwa amepatana na mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana: yeye alete maziwa mabichi, na binti yake Asha asome bila karo. Tatizo, mpishi aliyapokea maziwa saa ya chai ya jioni, na saa hiyo yalikuwa yameshaharibika. Mara mbili mama yule alikuja akasimama mlangoni mwa stoo, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kiorma:

"Fungua hii friji, mwanangu. Maziwa yangu nakaa ndani mpaka jioni tu."

"Subiri kidogo, Mama Asha. Mgeni anakuja wiki ijayo."

Aliomba maji, akanywa, akaenda zake. Mara ya tatu hakuja na vibuyu. Alikuja na Asha, godoro la shule limekunjwa kichwani, sanduku la bati mkononi. Shule ilikuwa imechoka na maziwa yaliyochacha, ikamrudisha nyumbani.

Fundi nikamwita siku hiyohiyo. Akapandisha kioo juu ya mabati, akaunga nyaya, lakini friji haikuwaka. Akapima betri, akatikisa kichwa.

"Hii ilitaka jua tangu siku ilipofika. Imekufa kwa kukaa bure."

Betri nyingine hatukuwa nayo. Nikaanza kumweleza Mama Asha habari za mheshimiwa, za barabara, za kikao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha dirisha kwa kidole, bila hasira yoyote, na hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

"Jua hii natoka kila siku, mwanangu. Haijangoja mgeni."

Asha hakurudi shuleni. Alitaka kuwa muuguzi. Siku hizi namkuta sokoni anauza maziwa, ananiita mama, ananipimia na kuniongezea. Hajalitaja jambo lile hata siku moja.

Sasa umekuja kuazima viti kwangu. Nasikia kikundi chenu mmeletewa sola na pampu, bado zimo ndani ya makaratasi, mnangoja sherehe. Viti chukua, vyote. Ila nenda kwanza mkafungue makaratasi. Kilicholetwa kwa ajili ya watu kianze kuwafaa watu siku kinapofika, na sherehe ije nyuma yake. Huyo mgeni akija akute maji yanatoka, umpe kikombe anywe. Hatakasirika. Na akikasirika, mwache.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na kila unachokishika. Na akuepushe usije ukamwona mtoto wa mwenzio anarudi nyumbani na godoro kichwani, na wewe ndiye uliyeshika ufunguo.