Mstari Uliofutwa Ukutani

Bartholomeo Kalinga alikuwa kibarua wa barabara pale Ipogolo, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa kumi, surua ilipita ikamchukua binti yake Paskalina, aliyekuwa darasa la kwanza. Walimzika Jumatatu. Alhamisi bibi Severina, mama yake Kalinga, akasema kwamba Jumamosi nyumba itakandikwa upya, ili ugonjwa usibaki ukutani na mvua isiwakute hawajamaliza.

Hapo ndipo Kalinga alipoyakumbuka maandishi.

Chini ya dirisha, kwa kimo cha mtoto wa miaka minane, kulikuwa na mistari ya mkaa. Paskalina ndiye aliyeiandika. Kalinga hakujua kusoma, mkewe Benedicta hakujua, bibi naye ndiyo kabisa. Miezi yote ile walipita hapo kama mtu apitavyo kwenye nyayo za kuku. Sasa zilibaki siku mbili, na Kalinga alitaka jambo moja tu: aambiwe mtoto wake aliandika nini kabla udongo haujapita juu yake.

Alipoanza shule mwezi wa kwanza, Paskalina hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Nyumbani walisema Kihehe. Siku ya kwanza alirudi analia, kwa kuwa mwalimu alisema kaa, yeye akasimama, na wenzake wakacheka. Kufika mwezi wa pili alikuwa ananyoosha kidole hata jikoni kabla ya kuomba mboga.

"Huyu sasa hata kwenda kukojoa ataniomba ruhusa," bibi Severina alisema.

Paskalina akawa anachomoa njiti za ufagio za kuhesabia, mpaka ufagio wa bibi ukabaki kama mkia wa panya.

"Mwalimu wenu hana vidole?"

"Anavyo, bibi. Lakini vidole vinaisha haraka."

Jioni alimvuta baba yake mkono. "Baba, tazama. Hii ni a."

"Nimeiona, mama."

Hakuwa ameona kitu. Alikuwa ametoka kumwaga kokoto tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa kwenye chungu.

Lakini lililomnyima raha zaidi lilikuwa la mwezi wa tisa. Padri alikuwa anakuja kesho yake kubariki nyumba, na Kalinga alimkuta Paskalina amechuchumaa ukutani na kipande cha mkaa, anaongeza mstari mpya chini ya ile mingine.

"Futa huo uchafu. Kesho tuna mgeni."

"Baba, mwalimu amesema..."

"Nimesema futa."

Akafuta mstari ule kwa pindo la gauni lake. Alitaka kuendelea na ya juu, mama yake akamwita kuchota maji, ikabaki. Pale chini pakabaki wingu jeusi, kama moshi ulioganda. Kalinga hakupafikiria tena mpaka siku aliporudi kutoka makaburini.

Mtu wa kumsomea alikuwa mmoja, mwalimu Fanueli, na Kalinga alimwogopa. Mwezi wa sita wazazi waliitwa shuleni, yeye hakwenda. Ijumaa, wakiwa kazini, alimweleza mwenzake Jailos.

"Wewe juzi umeua swila kwa beleshi," Jailos alisema. "Mwalimu ana meno gani?"

"Atanipa karatasi nisome."

"Itazame tu kama ninavyozitazama mimi. Unatikisa kichwa kidogo, unasema sawa."

Kalinga hakucheka. Jailos akaona amekosea, akampokea beleshi. "Nenda ndugu yangu. Nyapara akiuliza nitasema tumbo."

Alimkuta mwalimu anamwagilia mboga nyuma ya darasa. Kupitia dirishani aliona magogo ya kukalia na ubao, akajiuliza Paskalina alikuwa anakaa gogo lipi. Hakuuliza.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, baba Paskalina. Pole sana."

"Kuna maandishi nyumbani. Kesho wanakandika."

"Nitakuja asubuhi," mwalimu alisema.

Jumamosi Benedicta na bibi walikuwa wameshakanyaga udongo ukalainika. Mwalimu Fanueli alivua kofia, akapiga goti chini ya dirisha. Kalinga alisimama nyuma yake.

"Huu wa kwanza ni a, e, i, o, u."

"Ndiyo."

"Huu ni ba, be, bi, bo, bu. Na hizi ni namba, moja mpaka saba. Saba ameigeuza, inatazama nyuma."

"Hajasema kitu, basi?"

"Ni masomo ya darasa la kwanza, mzee. Hayasemi kitu bado."

Kalinga akaonyesha lile wingu jeusi. "Na hapa?"

Mwalimu alisogeza uso karibu, akakaa hivyo kwa muda mrefu. "Hapa pamefutwa. Sioni hata herufi moja."

"Nilimwambia mimi. Siku moja kabla ya padri kuja."

Mwalimu hakuinuka. Alianza kuizungusha kofia yake mikononi.

"Wiki ile tulianza majina," alisema. "Niliwaambia kila mmoja akaandike nyumbani jina la mtu mmoja wa kwao, yeyote anayempenda, kesho yake aje aliandike ubaoni. Paskalina alikuja, akasimama, akakataa kuandika. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, baba amesema nifute. Nikaona ni visingizio vya watoto. Nilimchapa, mzee. Viboko viwili vya mkono."

Benedicta, aliyekuwa ameinamia udongo, aliinuka polepole, akamtazama mwalimu, kisha akamtazama mumewe. Bibi Severina alimshika bega akamkalisha chini.

"Lilikuwa jina la nani?" Kalinga aliuliza.

"Sikumwuliza."

"Hakumwambia hata mwenzake?"

"Uliposema kuna maandishi nililikumbuka lile, nikawauliza wenzake jana jioni. Hakumwambia mtu."

Mwalimu alipoondoka, bibi alisema taratibu, "Mwanangu, udongo unakauka." Hakuna aliyenyanyua mkono. Mwishowe Kalinga mwenyewe alichota udongo kwa viganja viwili, akapiga magoti, akaanza pale palipofutwa. Alipaka bila kuruka mahali, akapanda kwenye namba, akaifikia ile saba inayotazama nyuma, akaifunika pia. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa mweusi kwa unyevu. Kufika Jumapili ulikuwa umekauka, safi, kama wa nyumba isiyokuwa na mtoto.

Jumatatu alirudi barabarani. Jailos alimwuliza kama mwalimu alimng'ata.

"Hapana," Kalinga alisema.

"Si nilikwambia. Alikusomea?"

"Alinisomea."

"Basi unajua sasa."

Kalinga akainamia beleshi lake.