Pumzi za Sonara

Mume wangu ni sonara, na sokoni wanamwita Mvukuto. Jina hilo hakulipata bure. Wenzake siku hizi wana mitungi ya gesi; yeye bado ana taa ya utambi na mrija mwembamba wa shaba. Anaupuliza mwali kwa mrija ule mpaka dhahabu inaungana. Mashavu yakitoa hewa, pua inavuta nyingine, kwa hiyo mwali haukatiki. Ukimwona, utadhani ameficha yai kila upande.

Sasa mtu wa pumzi hizo si angezitunza? Thubutu! Tangu ujana, sigara haikumtoka mdomoni ila wakati wa kula na kupuliza. Kikohozi kilipoanza alisingizia vumbi, akasingizia baridi, akafika hadi kusingizia pilipili zangu jikoni. Akipanda ngazi anasimama katikati, ati anatazama mtaa. Mtaa gani, na ngazi zetu ziko ndani!

Basi binti yetu akaposwa. Alitaka jambo moja tu: siku ya harusi avae mkufu wa marehemu bibi yake, mama mzazi wa mume wangu, uliokuwa umekatika zamani. Nikasema tuupeleke kwa mwenye gesi, yaishe.

"Mkufu wa mama yangu uungwe na mtu mwingine? Labda niwe nimekufa!"

Akaketi mezani, akapuliza. Mara kikohozi hicho! Mwali ukaruka, vipete kadhaa vya mkufu vikayeyuka vikawa donge. Nilijiandaa kusikia matusi, maana mdomo anao. Wapi! Aliweka mrija chini, akalia, na hasira zangu zote zikaniishia. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Huko muuguzi akampa kifaa cha kupimia pumzi. "Vuta pumzi mpaka mwisho, mzee, kisha itoe yote kwa nguvu."

Mume wangu akacheka. "Binti, mimi nakula kwa kupuliza. Hamna kikubwa zaidi ya hiki?"

Akapuliza, mashavu hayo, pua nayo ikivuta kama alivyozoea kazini. Muuguzi akaitazama mashine, akamtazama yeye, akaitazama tena mashine.

"Mzee, unavuta kwa pua!"

Akambana pua kwa kibanio. Jamani! Pumzi za Mvukuto ziliisha kabla sijamaliza kucheka.

Daktari hakuzunguka. Moshi wa sigara umevimbisha njia za hewa na kuharibu vifuko vidogo ndani ya mapafu. Vilivyoharibika havirudi. Ujanja wa mashavu ndio uliomficha ugonjwa muda wote huo. "Ukiacha sasa, utaokoa vilivyobaki."

"Na nikipunguza?" akauliza, kama mteja anayebembeleza bei.

"Acha."

Akaacha, na tukakoma sisi! Alikuwa mkali kama siafu. Aligombana na redio, na kiti, na mimi. Alitafuna karafuu mpaka nyumba nzima ikanukia. Siku moja nilimfuma akinusa mfuko wa koti lake, nikalifua koti. Taratibu kikohozi kikapungua, akaanza kulala vizuri, hata utani ukarudi. Lakini pumzi ndefu haikurudi. Vipete vipya alivitengeneza mwenyewe, ila kila alipojaribu kupuliza, mwali ulikatika. Na harusi hiyo inakuja.

Asubuhi moja akamwita binti, akamkalisha kwenye kiti chake, akamtia mrija mkononi. Mrija ambao hata mimi sijawahi kuugusa! Wakaanza mazoezi kwa vipande vya shaba.

"Vuta kwa pua, mwanangu. Mashavu yawe ghala."

Binti anacheka, mwali unazimika, wanaanza upya. Nilikuwa nikiwachungulia, nafurahi, na roho inaniuma.

Hatimaye wakauweka mkufu. Binti akapuliza. Baba yake alishika kibano, akimwelekeza kwa kidole tu, maana hakuthubutu hata kunong'ona. Mwali ukasimama imara. Dhahabu ikang'aa, ikatiririka, ikashika. Mkufu ulipopoa, mume wangu akauvuta huku na huku, haukukatika.

Binti akaruka kwa shangwe. "Baba, kumbe hata mimi ninaweza!"

Baba yake akamvalisha mkufu shingoni, akaufunga polepole.

"Pumzi zangu nilizichoma mwenyewe, mwanangu," akasema. "Hizi zilizobaki nataka zinifikishe kwa wajukuu."