Nilichora Nyumba ya Mlango Mmoja

Kosa ni langu, ndugu wasomaji, wala sitamsingizia Mzungu. Kalamu niliishika mimi mwenyewe!

Baada ya vita kuu ya pili bei ya pareto ilianguka, na shamba nililofanyia kazi huku Masisi likaanza kubana matumizi. Yule Mzungu, bwana wa shamba, akataka kijiji kipya cha wafanyakazi, cha bei nafuu. Mimi nilikuwa nimejifunza kuchora nyumba kwa mapadri, basi nikapewa kazi hiyo. Kichwa kikavimba! Nilijiona ndiye nitakayewafundisha watu wa milimani kuishi kistaarabu.

Ili kuokoa mbao, nikafuta mlango wa nyuma katika kila nyumba. Nyumba ya kwanza tulihamia sisi: mimi, mke wangu na mama yake, mjane. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapishani hata njiani, ni mwiko. Mke wangu akaniuliza, "Papa, mama atapitia wapi? Mutapitana naye mu mulango moja?"

"Hiyo iko mambo ya zamani," nikamjibu. "Hii njo maendeleo!"

Jamani, yule mama aliteseka! Nikiwa barazani, hatoki. Alikaa chumbani na njaa yake mpaka niende kazini. Niliona yote hayo. Nilisema moyoni, atazoea.

Asubuhi moja ya baridi, moto wa jikoni ulishika ukuta wa matete, ukapanda kwenye nyasi za paa. Nilikuwa nje, naye mama mkwe yumo ndani. Nikakimbia, nikasimama mlangoni, nikaita, "Mama, toka! Toka!" Alikuja hatua chache ndani ya moshi, akaniona, akajifunika kitenge usoni, akarudi nyuma! Kuingia nimshike? Hata mimi mstaarabu sikuthubutu kumgusa. Nikazidi kuita, nimeziba njia kwa mwili wangu wote.

Mke wangu akafika mbio kutoka shambani. "Toka mu mulango!" akapiga kelele. "Hawezi kupita mbele yako! Wewe njo unamufungia njia!"

Niliruka pembeni. Ole wangu, paa lilikuwa linamwangukia!

Tulimzika kwao, Kibabi. Mke wangu alibaki huko huko. Nilimfuata, hakutaka hata kuniona. Nimlaumu kwa lipi?

Ninyi vijana mnaojifunza kuchora nyumba, nawasihi! Shamba likifilisika, mtaambiwa mpunguze hiki na kile. Kwanza waulizeni akina mama wanapita wapi, na wanamkwepa nani. Msiite ujinga jambo ambalo mtu yuko tayari kufa nalo. Mlango wa pili ungekula mbao chache tu.