Chumvi Aliyosingiziwa Mama

Tata, yaani baba yangu, alikuwa amefungia chumvi kwenye sanduku lake la nguo, na ufunguo ameutundika shingoni pamoja na rozari. Niliyaona haya kwa macho yangu nilipokwenda nyumbani Muleba kwenye likizo ya Juni. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilipomuuliza chumvi iko wapi, alinyoosha kisu kuelekea chumba cha Tata bila kuinua macho.

"Muulize mwenye nayo," alisema.

Tata alikuwa ameambiwa ana presha tangu mwaka uliopita. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akamwambia aache chumvi kabisa. Mama alitii siku ileile. Alikuwa anapika ndizi na maharage bila hata chembe, na yeye mwenyewe, mzima wa afya, anakula hivyohivyo ili mumewe asijione mgonjwa peke yake mezani. Lakini kila walipokwenda kupima, presha ilikuwa imepanda. Safari ya mwisho, mbele ya watu waliojaa kwenye benchi, yule muuguzi alimgeukia Mama.

"Mama, huyu mzee unampikia nini? Ukiendelea kumwekea chumvi utamuua kwa mikono yako."

"Siweki chumvi," Mama akasema.

"Mashine haidanganyi, Mama."

Tata aliamini mashine. Wameoana zaidi ya miaka arobaini, wamezika watoto wawili pamoja, wamelima kibanja kimoja, lakini siku ile aliamini mashine. Alirudi nyumbani mbele kwa mbele bila kumngoja, akalichukua kopo la chumvi na kulifungia. Kuanzia hapo akawa anakaa mlangoni mwa jiko kila Mama anapopika, kama askari.

Ningependa kuandika kwamba mimi nilimtetea Mama. Sikumtetea. Nilikaa kwenye kigoda karibu naye, nikamwambia kwa ile sauti ninayoitumia kwa wanafunzi, "Labda huwa unaweka kidogo kwa kusahau, Mama. Mkono umezoea."

Aliacha kumenya. "Na wewe pia," alisema, kisha akaendelea.

Jioni hiyo alipika mbele ya Tata. Alipanga ndizi juu ya maharage, akaweka vitunguu, akafunika kwa majani ya mgomba. Chakula kilipokaribia kuiva, alifungua vidonge vitatu vya mchuzi, vile vya mraba vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, akavipondea ndani ya sufuria. Tata alitazama, asimzuie. Mimi pia nilitazama. Tena nilifurahi, kwa sababu vidonge vile nilivipeleka mimi. Tangu Tata akatazwe chumvi nilikuwa nampelekea Mama boksi zima kila safari, ili mzee apate ladha. Juu ya boksi kulikuwa na kuku mnono, nyanya nyekundu, na mama aliyevaa aproni akitabasamu kwa watoto wake. Mwenye duka niliyemzoea pale Rwamishenye, ninakoishi, alikuwa amenihakikishia.

"Hivi ni viungo tu, mwalimu. Havina shida kwa mzee."

Nilirudi mjini Bukoba nikiwa nimemhukumu mama yangu moyoni. Nilijiambia kwamba uzee umemfanya asahau.

Jirani yangu ni mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani akaoa Bukoba. Ana binti anayevimba uso akila karanga hata kidogo, kwa hiyo hampi mtoto kitu cha dukani kabla hajakisoma. Alasiri moja walinikuta napika mboga, nikamkaribisha binti ale. Jirani akaomba kwanza aone nilichoungia. Nikampa boksi la vidonge. Maandishi ya ubavuni yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, akayapiga picha kwa simu, akayakuza kwa vidole, akasoma polepole.

"Karanga haimo," alisema. "Lakini, mwalimu, hii ni chumvi."

"Ni viungo."

"Wallahi ni chumvi. Njoo uone. Kinachoandikwa mwanzo ndicho kilichojaa kuliko vingine vyote. Halafu wanashuka, wanashuka, mpaka kile kidogo kabisa. Mwanzo hapa wameandika nini?"

Neno la kwanza lilikuwa chumvi, kwa Kiingereza. Baada yake ikafuata dawa ya kukoleza ladha, ambayo nayo ina chumvichumvi yake, halafu wanga, mafuta ya mawese, sukari. Vitunguu vilikuwa chini kabisa, karibu na rangi. Nyanya haikuwepo. Kuku hakuwepo, kulikuwa na "ladha ya kuku", na ladha ya kuku si kuku.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, darasa la saba. Kila siku nawaambia watoto wasome swali lote kabla ya kujibu. Na boksi hilo nilikuwa nalishika kila wiki, nalibeba kwenye mkoba hadi Muleba, na sikuwahi kusoma hata mstari. Nilisoma picha. Nilizima jiko, nikakaa chini. Jirani alidhani naumwa.

Hasira ilinipeleka dukani kabla hata sijavua khanga ya jikoni. Nilimwekea mwenye duka boksi juu ya kaunta, nikamwonyesha mstari.

"Uliniambia havina shida kwa mzee."

"Mwalimu, mimi nauza, sipiki."

"Lakini uliniambia."

"Kwani mimi nilisoma?" Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. "Na wewe uliyesoma mbona hukusoma?"

Nilichukua boksi langu nikatoka, swali lile likiniuma. Lakini mpaka leo sikubali kwamba kosa lote lilikuwa langu na lake. Aliyechora kuku mkubwa namna ile alijua kuandika kwa herufi kubwa. Alijua Kiswahili pia, maana maneno ya kusifu yote, tamu, asilia, ya familia, yalikuwa kwa Kiswahili safi. Ilipofika kwenye chumvi ndipo Kiswahili kikamwishia.

Jumamosi nilipanda gari la asubuhi. Niliwakuta wote wawili barazani, kila mmoja kwenye kona yake, nikawaeleza. Niliwasomea orodha neno kwa neno nikiitafsiri. Nikamwambia Tata wazi kwamba tangu alipokatazwa chumvi, Mama alikuwa akiweka vidonge ili chakula kiende chini, na hivyo chumvi ndiyo ilizidi.

Nilitegemea Mama atafurahi kwa kusafishwa jina. Alilia. Katika maisha yangu nimemwona akilia kwenye misiba tu, na hata huko kwa kujificha. Alilia wazi, khanga ikiwa magotini, huku akisema, "Basi kweli nilikuwa namuua."

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi niliyekuletea."

Tata alivua ufunguo shingoni. Kisha akauweka kwenye mkeka mbele ya Mama. Mama hakuugusa.

"Jumatatu ni siku ya kupima," alisema alipokwisha kufuta uso. "Nitakwenda. Yule muuguzi aliniambia mbele ya watu, na mimi nitamwambia mbele ya watu."

Nikaomba ruhusa shuleni, nikawasindikiza. Mama alivaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cheupe kichwani. Muuguzi alipomwita Tata, Mama ndiye aliyesimama, akamkabidhi boksi.

"Mwanangu, soma hapa. Soma kwa sauti."

Muuguzi, binti mdogo kuliko mimi, alisoma. Sauti yake ilipungua kadiri alivyosoma. Watu kwenye benchi waliinama mbele ili wasikie.

"Ulisema nampikia chumvi," Mama akasema. "Ni kweli, nilikuwa nampikia. Lakini hukuniuliza naungia nini. Ungeniuliza ningekuambia."

Muuguzi alishusha macho. "Nisamehe, Mama. Hata kwangu tunapikia hivi hivi." Kisha akainuka, akawageukia waliokaa, akawauliza wangapi wanaungia vidonge vile. Walicheka kwa aibu, mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine, hadi mikono ya wazee wa kiume ambao sidhani kama wamewahi kushika mwiko.

Sasa Mama anaungia karanga anazosaga mwenyewe, nyanya, vitunguu vingi, na siku nyingine dagaa wa ziwani. Kwa wiki kadhaa Tata alilalamika kwamba chakula kimepooza, kisha akazoea. Presha imeshuka, ingawa dawa bado anameza na ataendelea kumeza.

Nilimuuliza Mama kama mzee alimwomba radhi.

"Aliniomba, chumbani," alisema. "Hayo mengine si yako."

Mimi niliandika barua kwa anwani iliyoko kwenye boksi. Niliomba jambo moja: neno chumvi liandikwe kwa Kiswahili, kwa ukubwa ule ule wa kuku. Kabla ya kuituma nilimsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Ongeza," alisema, "kwamba nilikaa mwezi mzima nyumbani kwangu bila mume wangu kunisemesha."

Niliongeza. Hawajajibu.