Leo Atu Kamjibu Baba Mkwe

Jamani, leo binti yangu kamsemesha baba mkwe wake, na mimi bado nacheka peke yangu.

Mnajua sisi Wanyakyusa, baba mkwe hasemeshwi na mke wa mwanawe. Sasa mzee katokea kwenye duka la Atu la kutengeneza kompyuta, na kompyuta yake kuukuu, anataka mfumo mpya. Na ndiye huyu aliyesema Atu akishaolewa na Ipyana wake, duka lifungwe.

Atu akajificha nyuma ya pazia. Yeye ananong'ona, mimi napeleka maneno.

"Mama, mwambie Windows ameizoea, ila kwa mashine hii ni nzito. Linux ni nyepesi, tena ya bure."

Mimi na darasa langu la saba nikapamba: "Baba Ipyana, weka Linux. Haina kasoro."

Akauliza, "Na programu yangu ya noti za kwaya itafunguka?"

Hilo sikuambiwa. Nikasema, "Itafunguka tu."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Hapana baba, hiyo inataka Windows. Nitakuwekea zote mbili, uchague ukiwasha."

Mimi natazama dari, mzee anatazama viatu vyake.

Kisha akanigeukia, taratibu kabisa. "Mama Atu, mwambie mkwe wangu nimesikia. Na nyumba watakayokaa kule Iyunga ina chumba kinachotazama barabara. Kompyuta zake zitaenea."

Nimezaa, jamani. Wenye mabinti mafundi jitokezeni hapa chini, ila wangu mtampata wapi.