Msiba wa Ghorofa ya Tatu

Mzee Indravadan aliuza vifungo Kariakoo kwa miaka arobaini na moja. Vifungo, zipu, uzi na lasi, na hakuna fundi cherehani wa maana mtaani pale ambaye hakuwahi kubishana naye bei. Kisha magoti yakamsaliti. Duka akaliachia watu wengine, akapanda kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na tangu siku hiyo Kariakoo ikawa kitu cha kuchungulia kutoka roshani. Si mbali, upepo ukikaa vizuri unawasikia hata wauza soksi. Lakini jengo halina lifti, na mtu mwenye magoti yale hashuki ngazi kwa ajili ya kuamkiana tu.

Mkewe Darshana alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wao mmoja, Ketan, yuko Kanada, na hupiga simu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi akikumbuka. Sitaki kumsema mtoto wa mtu, ila mwaka huu alikuwa amekumbuka mara tatu tu. Siku nyingine zote mzee alikunywa chai, akaiuliza televisheni maswali, na televisheni haijawahi kumjibu mtu.

Wiki ile kundi la WhatsApp la hekaluni kwao lilijaa habari za nchi moja ya mbali ambako Wahindu ni wachache. Hekalu lao dogo lilikuwa limechomwa moto, familia zimetimuliwa makwao. Kulikuwa na picha ya babu mmoja wa rika lake, amekaa juu ya gunia kando ya barabara, amepakata sufuria. Katika nyumba nzima aliokoa sufuria. Indravadan aliitazama picha ile mpaka chai ikapoa, akamwonea uchungu mtu asiyemjua wala hatamjua. Katibu wa kundi akaomba kila mmoja aondoe sura yake kwenye profaili, aweke picha aliyoituma yeye: weusi mtupu, na katikati taa moja ya udongo inayowaka. Iwe hivyo siku tatu, ili ndugu wale wajue kwamba hawakusahauliwa.

Jumapili asubuhi yote mzee alihangaika na simu. Akabonyeza hapa, akafuta pale, mwisho sura yake ikatoka na taa ikakaa. Akaiweka na kwenye stetasi, bila neno hata moja, kwa kuwa aliona taa inajieleza yenyewe. Akaizima simu sauti, akaichomeka chaji, akaenda kujinyoosha. Aliiweka kwa ajili ya wale ndugu, hilo ni kweli tupu. Lakini tusidanganyane, alitaka pia Ketan aione na aulize kitu.

Sasa, mtu yeyote wa Bongo akiona picha nyeusi yenye mwali mmoja wa moto anajua ni nini. Ni msiba. Mzee wetu, pamoja na miaka yake yote sokoni, hilo halikumjia akilini, maana kwao taa ile huwashwa hata harusini.

Namba za mafundi zilikuwa bado kwenye simu yake, tangu enzi za kuwatumia ujumbe kwamba zipu mpya zimefika. Wa kwanza kuiona picha alikuwa Zulekha, mshonaji wa magauni, mtu wa Lindi. Alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu hakupiga, kwa sababu kumuuliza mfiwa kwenye simu eti nani kafa ni ukosefu wa adabu. Msiba unaendewa, mengine mtayajulia huko huko. Akampa habari Scholastika wa sare za shule, naye Scholastika akampa Leodegar, msukuma mkokoteni aliyembebea mzee mizigo tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kila mmoja aliwaza jina lile lile na akaogopa kulitamka. Mzee ana mtoto mmoja tu.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Indravadan alifungua, shati nje, akakuta watu wamejaa mpaka kwenye ngazi: wanawake wamejitanda khanga, mkeka umekunjwa begani, sukari, majani ya chai, na wanaume wamebeba viti vya plastiki. Zulekha alisogea mbele. Alimshika mikono yote miwili, akalia. Na yeye, ambaye hakushikwa mkono na mtu tangu matanga ya Darshana, akajikuta analia pia. Walipoyaona machozi yake, hakuna tena aliyekuwa na shaka.

Ndani ya dakika kumi nyumba ilibadilika. Televisheni ikazimwa, makochi yakasukumwa ukutani, mkeka ukatandikwa. Scholastika aliingia jikoni kama kwake, akakuta kwenye kichanja kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja. Akaenda kuazima vikombe kwa majirani. Watu wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, kama inavyokuwa msibani, na mmoja akasema Ketan alikuwa mtoto mtulivu sana, siku zile akikaa chini ya kaunta na kupanga vifungo kwa rangi. Mwingine akakumbuka alivyowahi kukimeza kimoja cha bluu.

Alikuwa. Hapo ndipo mzee alipoelewa wamekuja kumlilia nani.

Alitaka kuwaambia papo hapo. Chai ilikuwa inanukia tangawizi, na mlangoni kulikuwa na viatu ambavyo hakuviona pamoja kwa miaka. Wahenga walisema kufa kufaana, na yeye alikuwa anafaidi kifo ambacho hata hakijatokea. Akajiambia, wamalize kikombe kwanza. Walipomaliza, akajiambia waongezewe.

Leodegar akasimama, kofia mkononi. "Mzee, pole sana. Tungependa tumwombee kijana, kila mtu kwa dini yake. Mazishi ni huko huko, au analetwa?"

Angejibu neno moja tu, nyumba ingejaa siku tatu. Na tuseme ukweli, moyoni alikuwa ameshamkalia Ketan matanga zamani, peke yake, bila mkeka. Lakini akamkumbuka yule babu wa sufuria. Taa ilikuwa ya babu yule, na sasa yeye anaitumia kujipatia wageni. Aliona aibu iliyomfika mpaka masikioni.

"Ketan mzima," alisema. "Hapa hajafa mtu. Nisameheni."

Akawaeleza yote, maneno yakigongana. Mwanamke mmoja alitaka kucheka, akajiziba kwa khanga. Mwanamume mmoja akachukua kiti chake akashuka, na kwenye ngazi akasikika akilalamika kwamba wamefanywa wajinga. Zulekha akaomba aione hiyo picha ya babu. Mzee akaifungua, simu ikapita mkono kwa mkono.

"Na huyu hana watu wake?" aliuliza Zulekha.

"Alikuwa nao."

Zulekha akairudisha simu taratibu. "Basi mimi chai yangu sijamaliza," akasema, na akakaa vizuri. Wengi wakakaa.

Walikaa mpaka jua lilipoanza kushuka, wakimzungumzia mtu wa mbali ambaye hata jina lake hawakulijua. Kisha mkeka ukakunjwa, makochi yakarudi mahali pake. Sukari Scholastika alikataa kurudi nayo, akasema vya msibani havirudi nyumbani. Mzee akachungulia simu aone nani ameiona taa. Ketan alikuwa ameiona tangu saa saba mchana. Hakuandika kitu.

Leodegar alikuwa wa mwisho kutoka. Pale mlangoni akageuka, nusu utani. "Mzee, leo umetukimbiza bure, lakini tumekuona, tumefurahi. Ila siku ikiwa kweli, ikiwa ni wewe, nani atatuwekea picha?"

Indravadan alicheka kidogo, kwa heshima ya utani. Kisha akaitazama simu mkononi, simu inayofunguka kwa kidole chake tu, na kicheko kikakatika.

"Uwe unapita mara mojamoja, Leo, unagonga," alisema. "Nisipofungua, ndiyo mjue."